Anzia Chini: Maisha ya Mwalimu Rosalia Kinunda Hyera (1961–2024)

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Mie ni Demetria Hyera, wifi wa marehemu, dada mkubwa wa mume wake, Kasiani. Wengi hapa Keko mnaniita Mama Vitumbua, na jina hilo silikatai, limenilea mie na wanangu. Nimesimama hapa kusoma wasifu wa wifi yangu kwa sababu mwenyewe aliagiza nisome mie. Juzi kwenye kikao cha familia ilipendekezwa asome mtoto wake, Wilfred, kwamba yeye ana sauti ya ofisini na mambo yataenda haraka. Nikasema hapana. Haraka ya kwenda wapi? Rosalia haendi tena popote. Na sie tukishatoka hapa tunarudi kukaa kwenye turubai. Basi mtangoja.

Kabla sijaanza, nina ombi moja. Nikifika kwenye neno nikakwama, msinidokezee. Asije mtu kunishika bega na kunichukulia karatasi. Kaeni kimya mningoje, nitalipata. Amri hii si yangu, ni ya marehemu, na mkinisikiliza mtajua ilikotoka.

Wasifu huu nimeuandika kwa mkono wangu, Wilfred akaupeleka kwenye steshenari ukachapwe. Alitaka aunyooshe kidogo. Nikamwambia, "Mwanangu, chapa kama ulivyo." Mtaona kila sehemu mpya nimeianza na sentensi fupi kama za kitabu cha darasa la kwanza. Ndivyo alivyonifundisha, na mie namna nyingine sina.

Rosalia alizaliwa. Ilikuwa tarehe 14 Machi 1961, katika kijiji cha Kigonsera, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Polikarpo Kinunda, mkulima wa kahawa, na Mama Margareta, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alibatizwa mwezi uliofuata, parokia ya hapo hapo Kigonsera.

Alipoanza kusema, alisema kwa kigugumizi. Waliofundishwa naye wanaweza kuona nawatania, lakini marehemu hakulificha jambo hilo. Akiwa mtoto, akitaka kuomba kitu, neno linamshika mlangoni, na kabla halijatoka mama yake ameshamtajia matatu achague, shangazi amemtajia la nne, na dada yake ameshakimbilia jikoni kuleta kitu ambacho hakukiomba. Watu wema wote, kila mmoja anataka kumsaidia. Matokeo yake mtoto akawa hafiki mwisho wa neno lolote. Wenzake wanammalizia.

Mtu mmoja tu hakummalizia, naye ni baba yake. Mzee Polikarpo akiona binti amekwama, aliacha kuchuma kahawa, akageuza ndoo, akaketi juu yake, akamtazama. Hatikisi kichwa, hachezeshi midomo. Anangoja tu. Marehemu alikuwa akisema hakuna zawadi aliyopewa na baba yake iliyoishinda hiyo. Mama Margareta yeye alikuwa akilalamika kwamba kahawa inalala shambani kwa ajili ya maneno ya mtoto.

Rosalia alisomeshwa na kahawa. Alianza darasa la kwanza hapo Kigonsera mwaka 1969, akamaliza la saba mwaka 1975. Mzee akauza mavuno, akampeleka sekondari ya wasichana ya masista, huko huko Ruvuma, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979. Mwaka 1980 alijiunga na Chuo cha Ualimu Songea, akahitimu daraja la A mwaka 1982.

Huko chuoni mkufunzi mmoja, ambaye naye keshatangulia na tumsamehe, alimwita pembeni akamshauri atafute kazi ya ukarani. Alimwambia, "Binti, kwa ulimi huo darasa litakucheka." Marehemu akamjibu, na jibu lenyewe lilichukua muda, ikabidi mkufunzi asimame pale alipo. Alimwambia, "Mwalimu, watoto wa darasa la kwanza hawana haraka. Wenye haraka ni nyie." Akaomba apangiwe darasa la kwanza, na hilo darasa hakulihama mpaka anastaafu. Kigugumizi chenyewe kilipungua taratibu. Ukubwani kilikuwa kinarudi akikasirika tu, na wanafunzi wake walijua: Mwalimu akianza kukwama, kila mtu akae mahali pake.

Rosalia aliolewa na fundi seremala. Mwaka 1984 ile shule aliyokuwa akifundisha kule Mbinga ililetewa fundi wa kutengeneza madawati. Fundi ndiye huyu mdogo wangu Kasiani. Madawati yalikuwa machache, ila kazi haikuisha upesi, na najua hapa mafundi wa Keko mtacheka, mnajijua.

Siku aliyomwuliza kama atakubali awe mke wake, Rosalia alikwama kwenye herufi ya kwanza. Kasiani anasimulia kwamba alisikia "n-n-n", na kichwani akawa anawaza, "ndiyo" inaanza hivyo, "niondokee" nayo inaanza hivyo hivyo. Mwanamume jasho linamtiririka, randa mkononi. Lakini hakummalizia. Alingoja mpaka neno likatoka lenyewe. Miaka yote hiyo marehemu alisema alimkubali kwa sababu ya kule kungoja, maana uzuri wa sura, alisema, haukuwepo wa kutosha. Kasiani, usiniangalie mie, maneno ni ya mkeo.

Walifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1985, parokia ya Kigonsera. Mungu akawajalia watoto wawili, Wilfred na Margareta. Mwaka 1988 wakahamia Dar es Salaam, Kasiani akapata kibanda cha useremala hapa Keko, na hapa ndipo walipoishi mpaka mwisho. Jumamosi iliyopita ndoa yao ilitimiza miaka thelathini na tisa.

Rosalia alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alifundisha Kiwalani kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, kisha akahamishiwa shule ya hapa Keko, akafundisha hapo mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2021. Wenzake waliomba darasa la tano na la sita, ambako mtoto anapenga kamasi mwenyewe. Yeye kila Januari aliomba wachanga.

Kiwalani ndiko alikokutana na jambo lililomsumbua maisha yake yote. Darasa lilijaa hadi madirishani. Mwalimu anasoma mstari, watoto wanaitikia kwa pamoja, sauti inafika barabarani, mzazi akipita anafurahi. Siku moja akamwita mtoto mmoja mbele asome ukurasa wa kuku. Mtoto akasoma vizuri kabisa, nukta kwa nukta, huku kitabu amekishika juu chini. Akamwita wa pili. Huyo kitabu alikishika sawa, ila macho yalikuwa yanamfuata mjusi ukutani, na mdomo unaendelea kusoma. Marehemu alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Baba Wilfred, mie sina darasa. Nina kwaya."

Ndipo akaanzisha mtindo wake, na wengi mlioko hapa mmeupitia. Mtoto akisimama kusoma, Mwalimu anamwambia, "Anzia chini." Unaanza na mstari wa mwisho wa ukurasa, unapanda mmoja mmoja mpaka juu. Ule ukurasa wa kuku mnaukumbuka: Kuku ana vifaranga. Kifaranga kimepotea. Mama kuku anaita. Kifaranga kimerudi. Wote wamelala. Aliyekariri, akiambiwa aanze na kuku waliolala, anaishiwa hapo hapo, kwa sababu wimbo haurudi nyuma. Anayesoma kweli anapanda.

Na mtoto akikwama, hakuna kudokeza. Darasa zima linangoja, mikono juu ya dawati, kimya. Anayecheka anatolewa mbele na yeye aanzie chini. Wageni wa ukaguzi walipochungulia waliona watoto wamenyamaza na mwalimu amenyamaza, wakadhani hakuna somo. Marehemu alikuwa akiwaambia, "Subirini, analitafuta."

Sasa shida ikawa moja: watoto wengi, mwalimu mmoja. Akiwaambia wakasome nyumbani, wazazi waliosoma hawana subira. Mtoto hajafika nusu ya neno, mzazi keshamrukia, "Kifaranga! Kifaranga, wewe, huoni?" Marehemu akawaza, akaja na jambo lililowachekesha wenzake kwenye kikao cha walimu. Akatafuta wasikilizaji wasiojua kusoma. Alisema mtu asiyejua kusoma hana neno la kumdokezea mtoto, atake asitake atangoja. Akazunguka mitaani kututafuta, nyumba kwa nyumba, kwa heshima zote. Bi Zubeida wa duka la kona, Mungu amrehemu, alikuwa anasoma Kurani vizuri sana ila hizi herufi nyingine hazijui. Akapewa watoto wake, wanasoma kwenye ngazi ya duka, yeye anapima sukari na kuwaambia, "Haya baba, sina haraka." Na mie nikapewa wangu.

Hapa lazima nijitaje. Mnisamehe, wasifu si wangu, lakini bila hili hamtamwelewa marehemu.

Nilikuja Dar mwaka 1996 baada ya kufiwa na mume wangu, nikaanza kukaanga vitumbua mbele ya kibanda cha Kasiani. Kusoma sikujua. Shule sikwenda, nilibaki nyumbani kuwabeba wadogo zangu mgongoni, na huyu Kasiani ndiye alikuwa mzito kuliko wote. Kwenye jumuiya nilishika kitabu cha nyimbo kama watu wengine. Jirani akifunua, na mie nafunua. Sauti ninayo, nyimbo nazijua zote, nani atajua? Alijua Rosalia. Aliniambia tukiwa wawili tu jikoni, "Wifi, mficha uchi hazai." Nikamjibu, "Mie nimeshazaa wanne." Akacheka, akaniacha. Hakunisukuma wala hakumwambia mtu. Aliniletea tu mtoto.

Mtoto mwenyewe ni Hamida. Ilikuwa mwaka 2003, baba yake anauza mkaa, binti ana miaka saba, meno ya mbele hana. Kasiani akagonga kibenchi cha mabaki ya mninga, akakiweka kando ya jiko langu, mbali na mafuta. Kila siku akitoka shule Hamida anakaa pale, anafungua kitabu, ananisomea. Na alisoma, jamani! Alinisomea habari za jogoo aliyekwenda harusini Mbagala bila kualikwa. Jogoo kavaa koti, kafika mpaka kwenye pilau, mpishi anamtazama kwa jicho la sufuria. Kila siku tunaishia pabaya, kesho yake tunaendelea. Mie nikawa nawasimulia wateja. Mafundi wa Keko, watu wazima na ndevu zao, wanakuja asubuhi: "Mama, vitumbua hapo. Halafu, hivi jogoo alitokaje kwenye lile pipa?" Biashara ikapanda kwelikweli.

Siku moja wifi yangu akapita akanikuta katikati ya kusimulia. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Wifi, hii imetoka wapi?"

Nikamjibu kwa maringo, "Kitabuni kwenu huko. Hamida kanisomea."

Rosalia alikaa kwenye kile kibenchi akacheka mpaka kilemba kikafunguka. Kitabu kilikuwa na kuku na vifaranga vyake tu. Jogoo hakuwemo, Mbagala haikuwemo, pilau haikuwemo. Hamida alikuwa hajui hata irabu! Siku zote hizo katoto kasiko na meno kananipeleka harusini na kunirudisha, na mie nimeketi, natikisa kichwa, "Ehe, endelea mwanangu."

Nilikasirika, haki ya Mungu nilikasirika. Nikashika mwiko nikasema leo atanikoma. Rosalia akasimama mbele yangu, na hapo kigugumizi kikamrudia. "Usi-usi-usimguse. Huyo hadithi anazo tayari, amekosa herufi tu. Na wewe, wifi, umekosa nini?"

Nikashusha mwiko. Kisha nikamwambia, "Nimekosa pa kumkamatia."

Kesho yake nikaanza kusoma. Watu wengine wanasoma kwa kiu ya elimu. Mie nilisoma kwa hasira, ili nisidanganywe tena na mtoto. Tukawa tunakaa wawili kwenye kibenchi kimoja, Hamida na mie, kila mtu na kitabu chake, Rosalia anakuja jioni kutusikiliza. Hamida akinizidi, silali vizuri. Nikimzidi mie, analia. Marehemu hakutupatanisha, alisema tuko sawa hivyo hivyo.

Siku nilipoona nimeiva, nikamwambia wifi aje anisikilize jikoni. Akakataa. Alisema darasa la kwanza linasomewa darasani. Nikavua aproni, nikaenda shule, nikasimama mbele ya watoto, nikausoma ukurasa wa kuku wote bila kupumua. Wakapiga makofi. Na mie nikainama kidogo kama padri mpya. Rosalia akasema, "Vizuri sana, wifi. Sasa anzia chini."

Jamani. Niliutazama ule mstari wa mwisho kana kwamba sijawahi kuuona. Watoto wote wale, na mie mtu mzima na kanga yangu ya unga. Nikatafuta wa kunidokezea, hakuna aliyechezesha mdomo. Hamida, ambaye lile neno alikuwa analijua, aliuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Waliningoja. Nje watoto walioko mapumzikoni walipita na kelele zao, humo ndani wananingoja mie. Nikaishika herufi ya kwanza, nikaishika ya pili, nikapata "wote". Nikapata "wamelala". Halafu nikapanda. Nilipofika juu, kwenye "Kuku ana vifaranga", nilikuwa nalia. Tangu nizaliwe nimesubiri watu, nimesubiri wadogo zangu wakue, nimesubiri wateja, nimesubiri mume apone. Mie mwenyewe sikuwahi kungojewa na mtu. Siku ile ningewapa vitumbua bure darasa zima, na kweli niliwapa.

Hamida yupo hapa leo, ndiye huyo aliyevaa mtandio wa zambarau. Anauza vitambaa vya makochi hapa hapa Keko na ana watoto wawili wanaosoma. Habari za jogoo mkimwuliza atawamalizia, mie mpaka leo hajanimalizia.

Rosalia aliugua kisukari. Kilimwanza mwaka 2012, akaishi nacho kwa nidhamu, chai bila sukari na miguu haitembei bila viatu. Lakini mwaka 2022 kikamchukua macho, la kulia kwanza, halafu la kushoto. Tukadhani sasa watoto wa mtaani, ambao tangu astaafu walikuwa wanakuja barazani kwake kusoma, tutawaambia wasije. Yeye akashangaa. "Mbona sasa ndio nafaa? Neno silioni, kwa hiyo hata nikitaka kudokeza siwezi." Wakaendelea kuja kila jioni, wanakaa kwenye kile kibenchi cha mninga. Kwa sikio tu alijua nani anasoma na nani kakariri. Alisema anayekariri anateleza, anayesoma anashika breki.

Na mie nikawa msomaji wake. Gazeti, Injili ya siku, matangazo ya parokia, mpaka maandishi ya kwenye pakiti za dawa. Miaka ile mtoto alinisomea mie nisiyejua. Sasa namsomea yeye asiyeona. Siku moja nimechoka, mgongo unauma, nikaruka mistari ya gazeti nikaunganisha kwa maneno yangu. Akaniacha nikamaliza, akasema, "Wifi, huyo jogoo yuko Mbagala tena?" Nikarudi juu nikasoma upya.

Mwezi wa sita mwaka huu, tumekaa barazani, ndipo aliponiambia, "Siku yangu ikifika, usome wewe."

Nikamwambia, "Wifi, usiniletee mambo hayo. Mie neno refu linanitoa jasho. Mbele ya watu wote wale nitakwama."

Akasema, "Ndiyo maana nataka wewe. Ukwame, wakungoje. Watu wa mji huu hawajui kungoja, wafundishwe hata msibani."

Rosalia alifariki Jumanne. Hapa ndipo nilipojua nitakwama. Si kwa ajili ya herufi, herufi zote nazijua. Mkiona nimenyamaza, nisubirini.

Alilazwa hospitali hapa Temeke tarehe 2 Septemba 2024, figo zimechoka. Jumamosi tarehe 7, siku ya ndoa yao, Kasiani alikwenda amevaa shati jeupe, akakaa naye hadi walinzi walipomtoa. Hawakuongea sana. Hao wawili hawakuwahi kuwa na haja ya kuongea sana.

Jumatatu alasiri zamu ilikuwa yangu. Akaomba nimsomee. Kwenye mkoba nilikuwa na kitabu kimoja tu, cha mjukuu, na ndani yake mna ukurasa wetu ule ule wa kuku. Nikamwambia ninacho hicho tu. Akasema, "Anzia chini."

Nikaanza. Wote wamelala. Kifaranga kimerudi. Mama kuku... Hapo nikakwama. Neno nililiona, kulitoa ndiko kulikonishinda. Muuguzi mmoja, binti mwema sana, alikuwa anabadilisha dripu. Akachungulia begani kwangu, akaninong'oneza lile neno.

Rosalia akainua kidole. "Usi-usi-usimdokezee," akasema. "Analijua."

Binti wa watu akasimama na dripu yake mkononi. Tukangoja wote watatu. Nikalipata neno langu, nikapanda mpaka mstari wa juu, na wifi yangu akatabasamu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, saa kumi na mbili asubuhi, mumewe amemshika mkono. Nampenda wifi yangu, na ningependa aningoje tena, hata kidogo tu.

Jeneza mnaloliona limetengenezwa na mafundi wa Keko, wenzake Kasiani. Walimkataza kugusa kazi, lakini kifuniko alikipiga msasa mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Watani wetu wameshaanza, wanasema fundi aliahidi Jumatano akaleta Alhamisi, na eti mguu mmoja ni mfupi. Jeneza halina miguu, lakini asanteni kwa kutuchekesha.

Rosalia ameacha watu. Ameacha mume, Kasiani Hyera. Ameacha watoto, Wilfred na mkewe Kokuberwa, na Margareta. Ameacha wajukuu watano, kaka yake Joakimu aliyesafiri kutoka Kigonsera, na wifi mmoja, ambaye ni mie. Ameacha kibenchi cha mninga, ambacho kuanzia Jumatatu kitarudi barazani, na mtoto yeyote wa mtaa huu akija na kitabu atanikuta. Nikitaka kumdokezea nitauziba mdomo wangu kama Hamida. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jumuiya yetu, majirani wa dini zote, walimu wenzake na mafundi, kwa kutubeba siku hizi zote.

Rosalia apumzike sasa, kwa amani.

Nimefika mwisho wa karatasi, na nawajua. Kuna watu huko nyuma wananong'ona, "Mama Vitumbua kakariri huyo, kakesha na karatasi." Ni kweli nimekesha nayo. Na marehemu angekuwa ameketi hapa angeniambia maneno mawili tu. Haya basi. Hamida, ziba mdomo mwanangu. Nasoma ile sentensi fupi ya kila sehemu, kuanzia chini.

Rosalia apumzike sasa, kwa amani.

Rosalia ameacha watu.

Rosalia alifariki Jumanne.

Rosalia aliugua kisukari.

Rosalia alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza.

Rosalia aliolewa na fundi seremala.

Rosalia alisomeshwa na kahawa.

Rosalia alizaliwa.